Saini ya Maktaba si Hisani: Maelezo kwa Wahitimu na Wazazi Msimu Huu wa Klirensi

Mahafali yakikaribia, simu ya ofisini kwangu haitulii. Wanaopiga ni wahitimu, wazazi wao, wajomba zao, na mwaka huu alipiga hata mwajiri mmoja, wote na neno lile lile: "Maktaba inamkwamisha kijana wetu." Mimi ni mkutubi mwandamizi katika chuo kikuu kimojawapo hapa Mwanza. Kwa kuwa malalamiko yamezidi, nimeona nieleze kinachotokea tangu fomu ya klirensi, ile ya kuthibitisha kwamba mhitimu hadaiwi kitu chuoni, inapoingia dirishani hadi ninapoitia saini. Maelezo haya ni ya jumla. Kila chuo kina kanuni zake, na yakitofautiana na kanuni za chuo chako, fuata kanuni.

Niseme mapema kwamba sizuii cheti cha mtu. Sina kabati la vyeti. Ninachofanya ni kuthibitisha, kwa jina langu, kwamba huyu hana kitu cha maktaba mkononi. Nikitia saini wakati kitabu kipo chumbani kwake Buhongwa, nimesema uongo kwa maandishi, na mkaguzi akija ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe.

Utaratibu wetu ni huu. Kwanza unarejesha vyote unavyodaiwa, na unasubiri pale kaunta mpaka kitabu kisomwe na mashine na kitoke kwenye jina lako. Kuweka kitabu mezani na kuondoka si kurejesha. Pili, kama kuna faini, unapewa kontroo namba, yaani namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, kisha unaleta risiti. Fedha taslimu hatupokei, na tafadhali usimwachie kijana wa kaunta "ya soda". Kitabu cha kawaida kinatozwa shilingi 500 kwa kila siku ya kazi inayopita. Kitabu cha akiba maalumu, yaani kile cha kusomea humo ndani au kulala nacho usiku mmoja, kinatozwa shilingi 1,000 kwa kila saa ambayo maktaba iko wazi. Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Faini inaendelea mpaka siku unayorejesha au siku unayoandika barua kwamba kitabu kimepotea. Kumwambia mlinzi getini hakusimamishi chochote.

Tatu, kilichopotea kinanunuliwa: kile kile, toleo lile lile au jipya zaidi, pamoja na gharama ya kukiandaa, maana kinahitaji mhuri, lebo, jalada la plastiki na kuingizwa kwenye katalogi. Kopi iliyotolewa steshenari na kubanwa ringi haipokelewi, hata iwe safi kuliko kitabu chenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatosha kuwa sababu. Aliyechana kurasa analipia kitabu kizima, halafu faili lake linapelekwa kamati ya nidhamu. Nne, mwanafunzi wa uzamili analeta tasnifu iliyojalidiwa na nakala yake ya kompyuta, ukurasa wa tamko ukiwa umesainiwa kwa kalamu. Hapo ndipo akaunti inafungwa. Ikishafungwa haifunguliwi tena, kwa hiyo usije kesho yake kuomba kuazima "kimoja tu cha mwisho".

Wengi wanaamini faini ndiyo inayoendesha maktaba, ati inalipia kompyuta na mfumo. Mfumo wetu unaitwa Koha, neno la Wamaori wa New Zealand lenye maana ya zawadi. Ni programu huria, leseni yake hailipiwi. Faini yote ya muhula mzima haifikii bei ya vitabu vichache vya udaktari kutoka nje. Ningefurahi mwaka mmoja upite bila kukusanya hata shilingi.

Visingizio navyo vina historia. Zamani waliotokea Sengerema walikuwa na foleni ya kivuko pale Kigongo, nami nilikuwa nawasamehe siku moja au mbili, jambo ambalo kanuni haikuniruhusu na nisingelisema kama bado nalifanya. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi linapitika. Kilomita tatu, unavuka kabla wimbo wa redio haujaisha. Sababu hiyo imekufa. Wa kisiwani Ukerewe bado namsikiliza.

Sasa kuhusu lile lalamiko la pili kwa wingi: "Katalogi inasema kipo, rafuni hakipo." Saa moja na nusu asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, kazi yetu ya kwanza ni kusoma rafu. Hatusomi vitabu, tunasoma migongo yake: kidole kinapita lebo hadi lebo, namba kwa namba, kuhakikisha kila kimoja kimelala kwake. Katika msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji, kazi hii huanza na ufagio, maana usiku wamefuata taa na kingo za madirisha zimejaa mizoga. Mmoja akibanwa ndani ya kitabu anaacha doa lisilotoka. Huko upande wa ziwani tunapambana na unyevunyevu pia, na mtu anayefungua dirisha mvua ikinyesha "ili apate hewa" ananipa ukungu wa kufuta mwezi mzima.

Juzi, katika kusoma rafu, nilikuta kitabu cha sheria ya mikataba, chenye namba inayoanza na 346, kimesimama katikati ya vitabu vya ufugaji kwenye 636. Tena kimegeuzwa, mgongo ukutani. Hakikuteleza kikafika huko chenyewe. Tesiti ilikuwa wiki hiyo, na kuna mtu alitaka kukikuta peke yake kesho yake. Darasa lake la wanafunzi mia na kitu wakaja kaunta mmoja baada ya mwingine kuniambia mfumo ni mbovu. Mfumo si mbovu! Mfumo unajua kitabu hakijatoka mlangoni, na kweli hakijatoka. Kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake kimepotea kikiwa nyumbani, na ndiyo maana tunaomba, kwa maandishi makubwa kila meza, uache kitabu mezani ukimaliza. Usikirudishe mwenyewe. Najua unataka kusaidia.

Lakini si kila kitabu kilichochelewa kinanikasirisha sawa. Kimoja cha uvuvi, 639.2, kilirudi baada ya miaka mitatu, kimeletwa na kijana aliyekuja kufuata cheti chake. Kilinuka dagaa tangu mlangoni. Jalada lilikuwa na alama ya mviringo ya kikombe, na katikati ya sura ya nyavu kulikuwa na gamba la sangara, kubwa kama kucha ya dole gumba, limekauka na kushika karatasi. Aliniambia alikuwa akikisoma Mwaloni, kwenye soko la samaki, wakati akisubiri mitumbwi. Nilimtoza faini yote. Mfumo haujui harufu. Kisha nikakiweka siku mbili kwenye sanduku lenye mkaa ili kipungue kunuka, nikakirudisha rafuni. Gamba sikulibandua, maana lingeondoka na herufi.

Lipo jambo jipya ambalo halimo kwenye fomu yoyote, nalo linakula saa zangu kuliko faini. Mwanafunzi wa uzamili alikuja na orodha ya marejeo 11 kuhusu sangara na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, katika Ghuba ya Mwanza, akilalamika kwamba maktaba haina kitu. Tukakaa naye kwenye kompyuta. La kwanza: jarida lipo, juzuu lipo, mwaka ni sahihi, lakini ukurasa uliotajwa una makala ya wadudu wa mahindi. La pili, vivyo hivyo. Hadi saa sita mchana tulikuwa tumethibitisha manne. Saba hayapo popote.

"Umeyapata wapi?"

Akatazama chini. "Kwenye simu, madam."

Programu ya akili unde (AI) ilikuwa imemtungia majina, mwaka na kurasa, vyote vikipendeza machoni. Linaloniudhi ni kwamba ghuba hii imeandikwa kuliko sehemu nyingi za ziwa. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950; furu wakaporomoka miaka ya 1980, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa hapa hapa Mwanza wakiwachunguza wakati hayo yanatokea. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa mjini. Maandiko ya kweli yapo, mengine unayapata bure kupitia hifadhidata za majarida: Hinari, iliyoanza 2002 kwa ajili ya afya, na AGORA ya kilimo na uvuvi, iliyofuata 2003. Njoo tukuoneshe, inachukua nusu saa.

Ila nywila za hifadhidata hizo si za kurusha kwenye makundi ya WhatsApp. Zinatolewa kwa taasisi, kwa masharti. Mtu mmoja akishusha makala mia kadhaa usiku mmoja, wachapishaji wanaona, na wanaofungiwa ni chuo kizima. Tukimbaini, tunamfungia yeye muhula mmoja na kuuarifu uongozi wa kitivo chake. Kuhusu asilimia za Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandiko mengine, zile zinaonesha mfanano na si hukumu, na swali la "zinaruhusiwa ngapi" mpelekee msimamizi wako. Mimi sigawi asilimia.

Wazazi nao nawaheshimu, lakini kuna swali siwezi kuwajibu. Mwezi uliopita mzee mmoja alitoka Nansio kwa meli, akapanda ngazi zetu zote akiwa na mkongojo. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Huyu binti yangu, vitabu anaazima kweli, au bumu, hela ya mkopo, linaishia kwenye nywele?"

"Baba, hilo siwezi kukuambia."

"Mimi ndiye baba yake."

"Najua, baba. Hata kama ungekuwa mkuu wa chuo."

Alidhani namficha aibu. Sikumficha. Orodha ya anachosoma mtu mzima ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikunipa ruhusa ya kuitoa kwa sababu aliyeomba amesafiri mbali. Nilimwambia akae tumpigie binti aje mwenyewe. Alikuja mbio, akafungua akaunti yake kwenye simu na kumwonesha baba yake kwa hiari. Yaliyokuwamo nimeyaona, na sitayasema hapa pia.

Mambo madogo ya mwisho. ISBN za vitabu vyenu sitoi mimi, zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Asiye mwanafunzi wetu anayetaka mahali pa kusomea aanzie Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya bodi hiyo hiyo, kabla ya kuja kugombana na mlinzi wetu. Dirisha la klirensi linafunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa tunahesabu vitabu. Njoo na risiti yenyewe, si picha ya risiti iliyo kwenye simu ya rafiki aliyekwenda kula.

Na mrejeshe kitabu kwenye maktaba kilikotoka. Angalieni mhuri. Wiki hii nimepokea vitatu vyenye mhuri wa maktaba nyingine, na mmoja wa walioleta alitaka nimpe saini kwa hicho. Vipo kaunta, vimefungwa kwa kamba ya bluu. Wenyewe waje wavichukue.