Rada ya kwenye simu na mvua ya Bukavu: tunayoamini na ilivyo kweli

Tangu Septemba hadi Mei, Bukavu hatuishi bila kuangalia juu. Asubuhi jua kali, saa nane mchana mlima Kahuzi umefunikwa, saa tisa maji yanateremka Kadutu na matope yake. Siku hizi kabla ya kuangalia juu tunaangalia simu. Si vibaya. Ila programu nyingi za hali ya hewa tunazopakua zilitengenezwa kwa watu wa nchi zenye vyombo ambavyo sisi hatuna, na ushauri wa kuzichagua unaozunguka mitandaoni umeandikwa kwa ajili ya watu haohao. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, bandarini na kwenye makundi ya WhatsApp.

Dhana: "Rada ni nyeupe, hakuna mvua, tuvuke."

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayonitia hofu. Rada ya mvua ni mtambo uliosimama ardhini. Hurusha mawimbi, matone yakayarudisha, mtambo ukahesabu mvua iko wapi na ni nzito kiasi gani. Marekani wana rada za hali ya hewa zipatazo 160 zilizotapakaa nchi nzima, ndiyo maana mtu wa Oklahoma anaweza kuifuata dhoruba mtaa kwa mtaa. Upande wetu wa Ziwa Kivu, Kongo, hakuna rada inayolisha programu hizi. Rwanda walijenga moja Bugesera, lakini kati ya Bugesera na Bukavu imesimama milima ya Nyungwe, na mawimbi ya rada hayapenyi mlima. Hata pasipo mlima, kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo yanavyoinuka juu ya ardhi, kwa sababu dunia imepinda.

Kwa hiyo ule weupe hauna maana ya "kukavu". Una maana ya "hapa hakuna anayetazama". Programu kama RainViewer ina sehemu inayoonyesha eneo linalofikiwa na rada. Ifungue kwanza uone kama Kivu Kusini imo.

Zipo pia programu zinazoziba pengo hilo kwa makadirio ya setilaiti au ya kompyuta, kisha zikaliita pengo lililozibwa "rada". Makadirio si dhambi, ila usiyasome kana kwamba kuna mtambo unaochungulia wingu la juu ya kichwa chako.

Tulicho nacho, tena kizuri, ni setilaiti. Meteosat za Ulaya zimekaa juu ya ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, zikiitazama Afrika usiku na mchana. Ile ya kizazi kipya, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha kila dakika kumi, na imebeba chombo cha kuona mimweso ya radi, hata mchana. Picha hizo ziko bure kwenye tovuti ya EUMETSAT, shirika la Ulaya linaloziendesha, na programu kama Zoom Earth huzionyesha kwa urahisi zaidi. Katika picha ya joto, rangi zilizokolea ni vilele vya mawingu vyenye baridi kali, yaani mawingu yaliyopanda juu sana. Usihangaike na rangi peke yake. Wingu lililokwisha kumwaga maji huacha shuka pana la baridi linaloelea kwa saa nyingi bila tone. Cha kutazama ni doa dogo lililokuwa kama ukucha kwenye picha iliyopita na sasa limefunika nusu ya Kabare. Hilo linakua, na linakua haraka.

Angalia pia saa iliyoandikwa kwenye picha. Mara nyingi ni saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza mbili upate saa yetu. Picha hufika simuni ikiwa imechelewa kidogo, na dhoruba za mchana za kwetu nyingi hazisafiri kutoka mbali: huzaliwa hapahapa juu ya milima baada ya jua kuichemsha miteremko. Ukisubiri kuiona ikikaribia, unaweza kushtukia iko juu yako.

Dhana: "Zima simu, mtoto wangu, radi inatuona."

Kila mtu wa hapa amelelewa na sauti hiyo. Ukweli ni kwamba mawimbi ya simu ya mkononi hayaivuti radi. Radi hutafuta njia fupi ya kufika ardhini: mti mrefu, mnara, paa lililo peke yake, au mtu aliyesimama kwenye kilele. Kwa hiyo hatari ipo, lakini haiko pale tunapoielekeza. Iko kwenye simu iliyochomekwa chaja ukutani, kwa sababu radi ikipiga nyaya za umeme inaweza kufuata waya hadi mkononi. Iko pia kwa kijana anayepanda kilimani kutafuta mtandao huku kunanguruma. Chomoa chaja, ingia ndani ya nyumba, kisha tumia simu utakavyo. Huo ndio muda unapoihitaji.

Na radi kwetu si jambo la kubahatisha. Watafiti waliohesabu mimweso kwa vipimo vya setilaiti ya TRMM, kuanzia 1998 hadi 2013, walikuta Ziwa Maracaibo la Venezuela ndilo la kwanza duniani, mimweso kama 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare, hapa nyuma ya nyumba zetu, ilikuwa ya kwanza Afrika, na mimweso kama 205. Sake, kule upande wa Goma, nayo imo kwenye orodha. Wanaosema kila radi imetumwa na jirani mwenye wivu wangeifikiria hesabu hiyo: jirani huyo angekuwa na kazi nyingi sana.

Programu za radi zinazotegemea mtandao wa Blitzortung zinavutia, nukta zinaruka moja kwa moja kwenye ramani. Ila vipokezi vyake ni vya watu wanaojitolea, vimejaa Ulaya, na huku ni vichache. Nukta ikitokea, iamini. Isipotokea, tumia masikio: hesabu sekunde kutoka mmweso hadi ngurumo, gawanya kwa tatu, umepata kilomita. Thelathini zikiwa hazijatimia, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia.

Dhana: "Imeandikwa Bukavu, basi ni Bukavu."

Ile alama ya wingu na matone haikutoka kwa mtu aliyesimama Place de l'Indépendance. Imetoka kwenye modeli ya kompyuta inayoikata dunia vipande vya mraba. Modeli ya Ulaya, ECMWF, hutumia miraba ya kilomita kama 9. Ya Marekani, GFS, kama 13. Mraba mmoja wa aina hiyo unaweza kuzimeza komuni zetu za Ibanda, Kadutu na Bagira pamoja na kipande cha ziwa, na modeli huupa mwinuko mmoja tu. Sasa fikiria nchi yetu: uso wa ziwa uko mita kama 1,460, kilele cha Kahuzi mita 3,308. Dhoruba yenye upana wa kilomita tano hupotea ndani ya mraba huo.

Hapa kuna jambo ambalo wachache hulifanya. Programu nyingi hukuruhusu kubandika alama popote kwenye ramani. Anayeishi au kuuza kando ya mto asibandike alama nyumbani kwake tu, aibandike pia juu mlimani, mto unakotoka. Tarehe 4 Mei 2023, Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, mito ya Kalehe ilishuka na mawe na matope ikafagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walizidi 400. Maji yanayoua pembeni mwa ziwa huwa yamekusanyika juu.

Dhana: "Kukiwa na hatari, simu italia."

Kwa Mmarekani, ndiyo, kwa sababu idara yao ya hali ya hewa hutoa onyo la eneo husika na simu hulipokea. Programu nyingi hupitisha tu onyo lililotolewa na idara ya taifa; kwetu hiyo ni METTELSAT. Onyo lisipotolewa, au lisipotolewa kwa njia ambayo programu inaisoma, simu itakaa kimya, hata iwe ya bei gani. Na hata likiwepo, simu iliyowekwa kwenye hali ya kuokoa betri na iliyofungiwa data inaweza kulileta baada ya mvua kuisha.

Dhana: "Ya kulipia ndiyo inasema kweli."

Hapana. Nyingi husoma modeli zilezile. Unacholipia ni kuondoa matangazo na kupata ramani za ziada.

Dhana: "Asilimia 40 ni mvua ndogo."

Asilimia haisemi ukubwa wa mvua, inasema uwezekano wa kunyesha. Asilimia 40 inaweza kuwa mvua ya mawe.

Dhana: "Nikipata programu moja nzuri, yatosha."

Mimi ningechukua ile inayokuruhusu kulinganisha modeli, kama Windy. ECMWF na GFS zikikubaliana kwamba kesho mchana kuna dhoruba, anayepanga boti ya kisiwa cha Idjwi aondoke alfajiri. Zikipingana, kupingana huko ni habari: siku haitabiriki, usijifunge na saa. Zitazame jioni, kisha tena asubuhi kama saa tatu, hesabu mpya za usiku zikiwa zimeingia. Zaidi ya siku tatu au nne mbele, zichukue kama dalili ya wiki yenye mvua au kavu. Hakuna modeli inayojua dhoruba ya Jumanne ijayo itapiga kilima gani.

Kuanzia saa sita mchana, achana na modeli, fungua setilaiti. Mega zikiwa chache, usicheze zile ramani zinazotembea, ndizo zinazokula data. Fungua picha moja, funga, subiri dakika ishirini, fungua nyingine, ulinganishe doa la juu ya Kahuzi.