Hamamu ya Kituruki kwa Mara ya Kwanza: Maswali na Majibu kuhusu Afya

Je, nitakutana na nini ndani?

Hamamu ni bafu za umma za joto na mvuke. Zile za asili, kama Çemberlitaş iliyojengwa Istanbul mwaka 1584 na Cağaloğlu ya mwaka 1741, zina vyumba vinavyofuatana: cha kubadilishia nguo, cha uvuguvugu, na cha joto. Utapewa peştemal, kitambaa chepesi cha kujifunga mithili ya kikoi, pamoja na ndara. Katika chumba cha joto, chini ya kuba lenye matundu madogo ya kupitishia mwanga, kuna jukwaa pana la marumaru liitwalo göbek taşı, ambalo hupashwa moto kutoka chini na ndipo utakapolala hadi jasho likutoke. Ukutani kuna mabeseni ya marumaru yaitwayo kurna. Maji yake huchotwa kwa bakuli na kumwagwa mwilini, kwa hiyo usitumbukize mikono yenye sabuni humo.

Kwa kawaida wanawake na wanaume hutengwa, ingawa baadhi ya hamamu za watalii huwachanganya. Uliza kabla ya kulipa. Waliotembelea Hamamni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watautambua mpangilio huu, maana bafu zile za mtindo wa Kiajemi zilijengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888.

Joto hilo huufanya nini mwili?

Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka, moyo huenda mbio zaidi, na shinikizo la damu linaweza kushuka. Kwa kuwa hewa imejaa mvuke, jasho halikauki upesi, nalo jasho lisipokauka halipozi mwili inavyopasa. Ndiyo sababu chumba cha hamamu kinaweza kumchosha mtu hata kama joto lake ni dogo kuliko la sauna kavu. Watu huhofia zaidi kusuguliwa ngozi na mhudumu, lakini kwa maoni yangu wakati wa kuchunga hasa ni pale unapoinuka kutoka kwenye jiwe, kwa sababu damu huchelewa kufika kichwani, kizunguzungu kikakushika, na sakafu yenyewe ina povu. Keti kwanza, teremsha miguu, vuta pumzi kadhaa, kisha simama ukiwa umevaa ndara.

Ni kweli kwamba jasho hutoa sumu na kupunguza unene?

Hapana. Jasho kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi. Kazi ya kuondoa taka katika damu hufanywa na ini na figo. Uzito unaopungua ni wa maji, nao hurudi ukinywa. Anayekuuzia hamamu kama dawa anakuuzia maneno. Burudani na usafi vinatosha kuwa sababu ya kwenda.

Vipande vya kijivu vinavyotoka ninaposuguliwa ni uchafu?

Msuguaji, ambaye huitwa tellak akiwa mwanamume na natır akiwa mwanamke, huvaa mkononi kese, yaani glovu ya kitambaa cha kukwaruza, na baada ya dakika chache utaona vijiuzi vya kijivu vikibiringika mkononi na mgongoni. Hizo ni seli zilizokufa za tabaka la juu la ngozi, hata kwa aliyeoga asubuhi hiyo. Ngozi ikianza kuwaka, sema “yavaş”, maana yake polepole, wala usivumilie kwa haya, kwa kuwa ngozi nyeusi iliyochubuliwa huweza kubaki na madoa meusi kwa miezi. Usinyoe wala kung’oa nywele siku hiyo, na omba kese mpya au nenda na yako. Mwenye kidonda, ukurutu uliochachamaa, fangasi au ngozi iliyounguzwa na jua aahirishe.

Nani asiingie bila kumuuliza daktari?

Wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa joto kali la mwili linaweza kumdhuru mtoto. Wagonjwa wa moyo. Na wanaotumia dawa za shinikizo la damu au za kuongeza mkojo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua juu ya jiwe bila kujua. Mwenye selimundu naye ajihadhari, kwani upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayochochea maumivu makali ya ugonjwa huo. Mwenye homa asiingie kabisa, na aliyekunywa pombe vilevile.

Nikae muda gani, na nijiandae vipi?

Mgeni aanze na dakika 10 hadi 15 kwenye joto, kisha apumzike kwenye chumba cha uvuguvugu kabla ya kurudi. Kunywa maji kabla na baada, usiingie ukiwa na njaa wala ukiwa umeshiba sana, na vua vito vya chuma na lenzi za macho. Ukitoka, ayran, kinywaji cha mtindi, maji na chumvi, hurudisha sehemu ya ulichotoa kwa jasho.

Dalili zipi zinanitaka nitoke mara moja?

Kichefuchefu, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio bila kutulia, au kuona giza. Mwite mhudumu akushike mkono hadi mahali penye ubaridi, ulale miguu ikiwa juu, na unywe maji kidogo kidogo. Maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa au kuzimia kunahitaji gari la wagonjwa. Nchini Uturuki nambari ya dharura ni 112.