Chumvi haizuii maharagwe kuiva

Katika nyumba nyingi za Nairobi, mtoto anayejifunza kupika huonywa mapema: usitie chumvi kabla maharagwe hayajaiva, yatabaki magumu kama kokoto. Si kweli. Ganda la maharagwe hukazwa na kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi yake, ganda likalainika. Ndiyo maana mimi huyaloweka usiku kucha kwa maji ya chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa lita mbili, kisha nayaosha na kuyachemsha kwa maji mapya.

Kinachochelewesha ni uchachu. Nyanya na ndimu zisubiri hadi maharagwe yalainike. Maharagwe yaliyokaa sana ghalani nayo ni sugu, kwa hivyo ukienda Marikiti muulize mama muuzaji kama ni ya msimu huu.

Halafu kuna jiji lenyewe. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 94, ilhali Mombasa ni 100. Sufuria ile ile, maharagwe yale yale, huku yatakula makaa zaidi hata usipotia chembe ya chumvi.