Gung-ho: dhana potofu na ukweli wake

Kiingereza cha leo humwita gung-ho mtu mwenye hamasa kubwa, mara nyingi iliyopita kiasi. Yafuatayo ndiyo yanayokosewa sana kuhusu asili yake.

Dhana: Ni ukelele wa vita wa Wajapani.
Hapana, ni Kichina, tena cha karakana. Mwaka 1937 Japani iliivamia China, na viwanda vingi vya miji ya pwani vikateketea au kutekwa. Mwaka uliofuata Rewi Alley wa New Zealand, Wamarekani Edgar Snow na mkewe Helen Foster Snow, pamoja na wenzao Wachina, walianzisha ushirika wa viwanda vidogo huko bara. Kikundi cha kwanza, mjini Baoji, kilikuwa cha wahunzi. Vingine vilifuma mablanketi ya jeshi.

Dhana: Kwa Kichina maana yake ni "tufanye kazi pamoja".
Hii huwanasa hata waandishi makini, kwa sababu imekaribia ukweli. Gōng ni kazi, hé ni kuungana. Lakini hapa ni kifupisho: gōngyè (viwanda) na hézuò (kushirikiana) zilitoa silabi moja moja likapatikana jina la ushirika wenyewe, gōnghé, kama BAKITA ilivyotokana na Baraza la Kiswahili la Taifa. Si msemo, wala si amri. Mchina ukimwambia yeye ni gōnghé hatajua kwamba unamsifu kwa bidii. Na toni nayo ina mambo: ukiitamka silabi ya kwanza kwa kuishusha, gònghé, umeshasema "jamhuri".

Aliyeeneza tafsiri hiyo ya "tufanye kazi pamoja" ni Evans Carlson, ofisa wa Marine, askari wa majini wa Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa China akifuatana na wapiganaji wa Kikomunisti. Mwaka 1942 alipokabidhiwa kikosi cha pili cha Raiders, askari wa Marine wa mashambulizi ya ghafla, alilifanya neno hilo kuwa kaulimbiu. Aliitisha mikutano ya gung-ho ambamo hata askari asiye na cheo aliruhusiwa kuhoji mpango, jambo lisilo la kawaida jeshini. Agosti mwaka huo walishambulia Makin, kisiwa kilichoshikwa na Wajapani katika visiwa vya Gilbert, Pasifiki. Filamu ya 1943 yenye jina hilohilo ikalifikisha neno kwa raia.

Dhana: Daima ni sifa njema.
Kejeli ilianzia humohumo Marine, ambako wenzao wa hao Raiders walilitumia kumsema askari anayejitia mbele kuliko wote. Kwa hiyo anayetafsiri apime muktadha kwanza. Akisifiwa mfanyakazi mpya, "ana ari" inatosha. Kwa ofisa anayeingiza watu hatarini bila kufikiri, "pupa" au "kimbelembele" ndilo neno. Katika ukanushi makali hupungua: mtu asiye gung-ho na mpango fulani hajaukataa, ila haujamkolea.