Treni ya modeli ikipungua mwendo, usikimbilie kununua transfoma kubwa

Wengi wanaojenga reli ndogo chumba kizima huamini kwamba treni inayochechemea upande wa mbali imekosa nguvu kwenye transfoma. Mara nyingi umeme upo wa kutosha, unapotelea njiani. Reli nyingi za modeli hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu kwa zaidi ya mara kumi. Viungio vya kuchomeka navyo hulegea na kushika kutu, na kila kimoja hula volti kidogo.

Kinachowapotosha watu ni kipimo. Ukipima reli ikiwa haina treni, mita itaonyesha volti 12 kila mahali, kwa kuwa hakuna mkondo unaopita. Pima reli wakati injini inavuta mabehewa, tena karibu na injini hiyo, ndipo upungufu utaonekana.

Dawa yake ni waya mbili za shaba za milimita za mraba 2.5, nyekundu kwa reli moja na nyeusi kwa nyingine, zitoke kwenye transfoma na kupita chini ya meza kufuata njia yote. Kila mita moja hadi mbili, lehemu waya fupi ya milimita za mraba 0.5 kutoka kila reli hadi waya kuu ya rangi yake. Sugua reli kwanza, tena lehemu haraka, maana mataruma ya plastiki huyeyuka. Ukichanganya rangi hata mara moja, utapata shoti, kwa hiyo jaribu kila baada ya kuunga.