Mashine za ardhini zilizowapima wanaanga kabla ya kwenda Mwezini

Kwenda Mwezini na kurudi ni safari ya takriban wiki moja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 hakuna aliyekuwa na hakika kama mtu anaweza kufungiwa kwenye chumba kidogo kwa muda huo wote, apumue hewa ya kutengenezwa na bado afanye kazi bila kukosea. Mashine moja isingeweza kujibu maswali yote, kwa kuwa ardhini huwezi kuondoa mvutano wa Dunia kwa siku saba mfululizo. Wahandisi wakaigawa safari vipande vipande, kila kipande kikapata mashine yake. Kwa hiyo, unapotazama mashine ya kuigiza safari, uliza kwanza imeshindwa kuiga nini.

Februari 1958, Donald Farrell, askari wa Jeshi la Anga la Marekani, aliingia kwenye chumba cha chuma katika kituo cha Randolph, Texas, akakaa humo siku saba. Presha ya hewa ilishushwa hadi karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari, kwa sababu chombo chenye presha ndogo ndani hakihitaji kuta nene na nzito. Lakini ukishusha presha hadi nusu na kuacha oksijeni kwenye asilimia 21, mapafu yanapata nusu tu ya oksijeni yaliyoizoea. Ndiyo maana iliongezwa hadi karibu asilimia 40. Mwili wa Farrell ulihimili vizuri. Hisia zake ndizo zilizobadilika: kadiri siku zilivyokwenda alizidi kuwa mwepesi wa hasira. Kwa wapangaji wa safari hilo lilikuwa jambo zito, maana watu watatu wangebanana ndani ya chombo kimoja bila pa kwenda.

Baadaye watafiti wengi walichagua oksijeni tupu kwa presha ya karibu theluthi moja ya kawaida. Sababu zao zilieleweka: gesi ni moja, matangi ni machache, na hakuna vali za kusawazisha gesi mbili. Hatari yake ni moto. Ndani ya oksijeni tupu, kitambaa na mpira unaofunika waya huwaka kwa kasi ya kutisha. Septemba 1962 moto ulizuka ndani ya chumba cha majaribio cha kituo cha Brooks, Texas. Watu wawili waliokuwemo waliokolewa. Onyo lilikuwa wazi, lakini halikutiliwa maanani ya kutosha. Januari 27, 1967, wakati wa mazoezi ya kuhesabu kuelekea kuruka, chombo cha Apollo 1, cha mpango wa Marekani wa kwenda Mwezini, kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu kwa presha kubwa kuliko ya hewa ya nje. Moto ukazuka ndani. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani, na presha ikaukandamiza. Wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walifariki. Safari zilizofuata ziliondoka ardhini na asilimia 60 ya oksijeni na 40 ya naitrojeni.

Swali la kutembea Mwezini lilipata jibu la kupendeza zaidi katika kituo cha utafiti cha Langley, Virginia. Mvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya ule wa Dunia. Mtu alilazwa ubavu, akaning'inizwa kwa mikanda kichwani, kiwiliwili na miguuni, na nyayo zake zikagusa ubao ulio karibu wima kama ukuta, ulioinamishwa digrii 9.5 tu. Kwa mwinamo huo, sehemu ya uzito inayoelekea kwenye ubao ni takriban asilimia 16.5, yaani ile moja ya sita. Mtu wa kilo 72 alizikanyagia nyayo zake kana kwamba ana kilo 12. Majaribio yakaonyesha kwamba kuruka-ruka kwa hatua ndefu kunafaa kuliko kutembea kwa kawaida, na kwamba kusimama kunataka kujipanga mapema: uzito umepungua, lakini tungamo la mwili ni lilelile na nyayo hazishiki vizuri. Kasoro ya mashine hii ni kwamba mtu alikwenda mbele na nyuma au juu na chini tu, kugeuka hakukuwezekana.

Kutua kulikuwa kugumu zaidi. Helikopta ikiinama digrii 5 husogea mbele kwa kasi fulani. Mwezini, ambako injini inabeba uzito mdogo, chombo lazima kiinamishwe karibu digrii 28 kupata msukumo uleule wa kwenda mbele, na vivyo hivyo wakati wa kufunga breki. Ili marubani wauzoee mwinamo huo, kampuni ya Bell ilitengeneza LLRV, chombo cha kuigiza kutua Mwezini, kilichoruka mara ya kwanza Oktoba 30, 1964, huko Edwards, California, kikiendeshwa na rubani Joe Walker. Injini ya jeti ilisimama wima katikati na kubeba sehemu tano kati ya sita za uzito. Roketi mbili za haidrojeni peroksaidi zilibeba sehemu iliyobaki, na viroketi 16 vilielekeza chombo. Mei 6, 1968, gesi ya heli iliyosukuma fueli ya viroketi hivyo iliisha presha. Chombo kikalala upande, na mwanaanga Neil Armstrong akajirusha kwa kiti cha dharura akiwa karibu mita 60 tu juu ya ardhi.

Kituo cha Houston, kilichoongoza safari kutoka ardhini, nacho kilipimwa. Wakufunzi walichomeka hitilafu kwenye mazoezi bila kuwaambia waongozaji. Julai 5, 1969, waliwapa tahadhari namba 1201, inayomaanisha kompyuta imezidiwa na kazi. Steve Bales, mmoja wa waongozaji, akaamuru kutua kusitishwe. Uchambuzi ukaonyesha kwamba hakukuwa na haja, kwa kuwa kompyuta iliendelea kuongoza chombo vizuri. Jack Garman, mtaalamu wa kompyuta hiyo, akaandika kwa mkono orodha ya tahadhari zote na hatua ya kuchukua kwa kila moja. Siku 15 baadaye, Armstrong na Aldrin wakishuka kuelekea Mwezini, tahadhari 1202 ilitokea. Garman alikuwa na orodha mezani, Bales akajibu waendelee.