Jason ni wa Nani? Leseni na Ushindani Nyuma ya Nyumba za Kutisha za Halloween

Kwa msimu wa Halloween wa 2018, Universal, kampuni ya filamu na bustani za burudani, ilijenga nyumba ya kutisha ya Stranger Things katika bustani zake za burudani za Orlando, Hollywood na Singapore. Ikarudi nayo 2019, na tena 2023. Msimu wa 2024 tamthilia hiyohiyo ya Netflix ikaonekana kwenye mabango ya mshindani, Six Flags, sambamba na filamu za Saw na The Conjuring. Mashabiki walizozana mtandaoni kana kwamba mchezaji wa Simba kahamia Yanga. Sisi tunaoshughulika na mikataba ya hakimiliki za filamu hatukushtuka. Leseni ya msimu ina tarehe ya kuisha, na ikishaisha mwenye mali yuko huru kusikiliza dau jingine.

Kwa ambao hawajawahi kuingia humo: ni njia nyembamba yenye giza, imejengwa ndani ya studio ya filamu, ghala au hema kubwa. Mnapita kwa mstari, vyumba vimepambwa kama mandhari ya filamu, na waigizaji wanawarukia kutoka nyuma ya mapazia. Dakika chache tu, umetoka. Foleni ya kuingia inaweza kuzidi saa mbili. Tiketi ni ya peke yake, siyo ile ya mchana, na Novemba ikiingia karibu kila kitu kinabomolewa. Universal ya Orlando, Florida, ilianza 1991 kwa usiku 3 na nyumba moja. Tangu 2018 mpangilio uliozoeleka ni nyumba 10 kwa msimu, takriban nusu zikitokana na filamu na tamthilia, nusu zikiwa za kubuni wenyewe.

Watu hudhani bustani "inanunua filamu". Hakuna anayenunua filamu. Kinachonunuliwa ni vipande: jina, mhusika, kinyago, mandhari, sauti, muziki, na sura ya mwigizaji. Kila kipande kinaweza kuwa na mwenyewe, na mara nyingi wenyewe hawaongei lugha moja.

Chukua Frankenstein. Riwaya ni ya 1818, kwa hiyo yeyote anaweza kujenga nyumba yenye mwanasayansi na kiumbe aliyeungwa kwa maiti, bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini ukimpa kiumbe huyo kichwa bapa na vyuma viwili shingoni, umeingia shamba la watu. Sura ile ilibuniwa na Jack Pierce, mtaalamu wa vipodozi wa Universal, kwa ajili ya filamu ya 1931 iliyomwonyesha Boris Karloff. Riwaya ni ya dunia nzima. Sura ni ya studio. Ndiyo maana nyumba za Frankenstein katika bustani nyingine huwa na kiumbe mwenye kovu, mwenye nywele, mwenye chochote kile, ila si kichwa bapa.

Halafu kuna uso wa mtu mwenyewe. Bela Lugosi, aliyecheza Dracula wa 1931, alifariki 1956. Mjane na mwanawe waliishtaki Universal kwa kutumia sura yake kwenye bidhaa, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California ikawakatalia: haki ya sura aliyoweza kuitumia akiwa hai haikurithiwa. Bunge la jimbo lilijibu mwaka 1984 kwa sheria inayowapa warithi haki hiyo, na leo muda wake ni miaka 70 baada ya kifo. Florida wana sheria yao, na muda wao ni miaka 40. Sasa fikiria mwanasheria wa kampuni yenye bustani katika majimbo yote mawili, anayetaka nyumba moja ijengwe kote kuwili. Anaanza kuuliza marehemu alikuwa mkaazi wa wapi siku alipokufa, huku wabunifu wamesimama mlangoni wanasubiri jibu.

Kwa mwigizaji aliye hai mambo hupangwa mapema zaidi, ila hayapangiki yenyewe. Mwaka 2019 Universal ilijenga nyumba za filamu ya Us huko Orlando na Hollywood, miezi michache tu baada ya filamu kutoka. Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba uso wa filamu ile ni Lupita Nyong'o, mara mbili: mama na pacha wake wa kutisha. Studio iliyosambaza filamu ndiyo hiyohiyo yenye bustani, jambo linalorahisisha sana, lakini hata ndani ya kampuni moja, mkataba wa mwigizaji ndio unaosema sura yake itumike wapi zaidi ya kwenye skrini. Ukiona nyumba ambamo muuaji amefanana na wa filamu hadi kifungo cha shati, lakini waliouawa hawafanani na mtu yeyote unayemjua, usiwalaumu wabunifu. Kinyago kilikuwa kwenye leseni, nyuso hazikuwamo.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya Friday the 13th, mfululizo wa filamu za kutisha ambao sura yake maarufu ni Jason. Victor Miller aliandika skripti ya filamu ya kwanza, iliyotoka 1980. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inamruhusu mwandishi, baada ya miaka 35, kuitengua hati aliyotia saini alipoiuza kazi yake, mradi hakuiandika kama mwajiriwa. Miller alitoa notisi 2016. Kampuni inayomiliki filamu ikadai alikuwa mwajiriwa. Mahakama ikasema hapana mwaka 2018, na mahakama ya rufaa ikathibitisha 2021. Skripti ikarudi kwake, kwa Marekani.

Lakini nini hasa kilirudi? Katika filamu ya kwanza muuaji ni mama, Pamela Voorhees. Jason ni mtoto aliyezama ziwani. Yule jitu mzima mwenye kinyago cha magongo ya barafu, anayeuza fulana na tiketi, alivaa kinyago hicho kwa mara ya kwanza katika filamu ya 3, ya 1982, ambayo Miller hakuiandika. Kwa hiyo mmoja ana mama, ziwa na kambi. Mwingine anadai jitu na kinyago. Na nje ya Marekani hesabu ni nyingine kabisa. Filamu ya mwisho ya mfululizo huo kuingia kumbi za sinema ni ya 2009. Mwaka 2024 kampuni ya Horror, Inc., ile iliyopambana na Miller mahakamani, ilizindua chapa inayoitwa Jason Universe, na msimu wa 2025 nyumba ya Orlando ikaja na jina hilohilo. Ukishaijua kesi, unausoma ubao ule wa mlangoni kwa macho tofauti.

Leseni ikishapatikana, kazi ndiyo inaanza. Mwenye mali huomba kuona michoro, vielelezo, nguo, rekodi za sauti, hata kinywaji kitakachouzwa nje kikiwa na jina la filamu. Kila kimoja kinahitaji idhini yake. Muziki una leseni yake pembeni, na wimbo ambao mtazamaji anaudhani ni "wa filamu" huenda ni wa kampuni ya muziki isiyohusiana na studio. Bustani nayo inadai upekee: filamu hii isionekane kwa mshindani ndani ya umbali fulani, kwa muda fulani. Orlando umbali huo una uzito. SeaWorld ilileta usiku wake wa kutisha katika mji huohuo 2021, na Disney iko jirani, ingawa tafrija yake ya Halloween, iliyoanza 1995, ni ya watoto na pipi.

Disney inaingia kwenye hadithi kwa mlango mwingine. Mwaka 2014 Universal ilikuwa na nyumba ya Alien vs. Predator, na 2016 na 2017 ikawa na American Horror Story. Zote zilitoka kwenye kampuni za Fox. Disney ikainunua Fox 2019, na siku hiyo mwenye mali wa jana akageuka kuwa jirani anayeshindania watalii walewale. Hakuna wakili anayeweza kuandika kipengele cha kumzuia mshindani wako asimnunue mwenye nyumba wako.

Ndiyo maana mimi huwatetea wanaojenga nyumba za kubuni. Mashabiki wakongwe huzipenda kwa sababu za kisanaa, na wana haki. Mimi naziona kwenye meza ya mazungumzo. Knott's Berry Farm, kule Buena Park, California, ilianza usiku wake wa kutisha 1973, na kwa sehemu kubwa imeishi kwa mazimwi na hadithi zake yenyewe. Haina mtu wa kuisubirisha. Universal yenyewe, mwaka 2007, ilileta Freddy, Jason na Leatherface, wauaji maarufu wa filamu, kwa leseni ya studio ya New Line, lakini sura kuu ya msimu ule ilikuwa Jack, mchekeshaji muuaji ambaye ni wao wenyewe. Anayeingia kwenye mazungumzo akiwa na nyumba tano za kubuni zilizo tayari anaweza kusema "bei hii hatuiwezi" na akaondoka. Asiye nazo atasaini.

Jambo moja la kuchekesha: tangu Julai 2024 Knott's na Six Flags ziko chini ya kampuni moja, baada ya Cedar Fair, iliyomiliki Knott's, kuungana na Six Flags. Anayenunua majina na anayejitungia sasa wanagawana bajeti.

Zombi wanastahili sentensi mbili. Filamu ya Night of the Living Dead ya 1968 ilibadilishwa jina kabla ya kutoka, tangazo la hakimiliki likadondoka, na kwa sheria ya wakati ule ikawa mali ya umma papo hapo. Ndiyo sababu mojawapo ya zombi kujaa kila bustani bure.

Sasa mchezo unahamia kwenye nyumba za mwaka mzima. Agosti 2025 Universal ilifungua Horror Unleashed huko Las Vegas, na ndani yake mna The Texas Chain Saw Massacre na The Exorcist: Believer pamoja na wazuka wake wa zamani. Leseni ya aina hiyo haifanani na ya majuma ya Septemba hadi Novemba: unawekeza kwenye jengo lisilobomolewa, kwa hiyo unataka miaka mingi, na mwenye jina analijua hilo anapotaja bei. Nyumba ya kudumu ya The Walking Dead iliyofunguliwa Hollywood 2016 ilifungwa 2020.

Tarehe ninayoisubiri mimi ni 1 Januari 2027. Siku hiyo Dracula na Frankenstein za 1931 zinamaliza miaka 95 ya hakimiliki Marekani. Kichwa bapa kitakuwa cha kila mtu, kwa kadiri kinavyoonekana katika filamu ile. Alama za biashara zitabaki na wenyewe, na bibi harusi wa kiumbe huyo, mwenye nywele zilizosimama, ni wa filamu ya 1935, hivyo yeye hatoki hadi 2031. Wabunifu wa bustani ndogondogo wataanza kupiga simu kuuliza waishie wapi, na jibu litategemea sana wanataka kuandika nini kwenye bango.